Mvuke Uje Mwisho

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa mitambo, Tanga

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na ninyi wanafunzi mpaka mliosimama mlangoni: wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza injini ndogo ya mvuke nyumbani, ile inayokaa juu ya meza. Wakati napanga vitu hivi hapa mbele nimemsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe mzee ametuletea midoli." Simtaji. Ila hoja yake ni ya haki, na nitaanza nayo.

Kati ya mwaka 1763 na 1764, katika Chuo Kikuu cha Glasgow, fundi wa vyombo vya kupimia aitwaye James Watt alikabidhiwa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Newcomen ili autengeneze. Injini kubwa za aina hiyo zilikuwa zikinyonya maji migodini Uingereza tangu 1712, na watu walishazizoea pamoja na ulafi wake wa makaa ya mawe. Mfano ule ulikuwa na silinda ya upana wa inchi 2 na mwendo wa pistoni wa inchi 6. Ukiuwasha unapiga mara chache, mvuke unaisha, unasimama. Mwingine angesema vitu vidogo ndivyo vilivyo, akaurudisha kabatini. Watt akataka kujua mvuke unakwenda wapi, akaanza kupima.

Kwenye injini ile, maji baridi yalirushwa ndani ya silinda ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke. Silinda ikawa inapoa kila pigo, na mvuke unaofuata unatumika kwanza kuipasha moto upya. Hasara hiyo ilikuwepo hata kwenye injini kubwa. Lakini silinda ikiwa ndogo, ukuta wake ni mwingi ukilinganisha na nafasi iliyomo ndani, kwa hiyo ugonjwa uliojificha kwenye kubwa ulionekana wazi kwenye ndogo. Mwaka 1765 akapata dawa: mvuke ukapozwe kwenye chombo cha pembeni, silinda ibaki ya moto. Sehemu kubwa ya mapinduzi ya viwanda mnayofundishwa darasani ilipitia kwenye mdoli ule. Ugonjwa huo wa silinda ndogo muuweke akilini, maana utawatembelea na ninyi.

Sasa nililokuja kusema ni moja tu. Injini yenu ya kwanza itawafundisha kutengeneza uso ulio bapa kweli, tundu lililosimama wima, na vitu viwili vinavyokwenda sambamba. Hayo ndiyo masomo yake. Mvuke uje mwisho kabisa, na ukichelewa miezi sita hakuna atakayekufa. Ukiharakishwa, mtu anaweza kufa, na huko nitafika.

Najua mnachokitaka. Kila kijana anayenijia karakana anataka garimoshi. Kuna waliofika Nairobi kwenye makumbusho ya reli wakasimama chini ya Mount Gelai, lile garimoshi la mvuke aina ya Garratt, daraja la 59. Zilitengenezwa 34, Manchester, na kampuni ya Beyer, Peacock, mwaka 1955 na 1956. Kila moja tani 252, boila moja, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ikilisha injini mbili, na kila moja ikapewa jina la mlima wa huku kwetu. Ukitazama zile fito za chuma zinazosukuma magurudumu, unatoka pale umerogwa, unarudi nyumbani unachora. Sawa, choreni. Lakini anayeanza na garimoshi kwa kawaida humaliza chasi na magurudumu mawili, halafu chasi inapanda juu ya kabati na haishuki tena. Nimeona makabati mengi ya aina hiyo.

Anzeni na injini ya silinda inayobembea. Hii hapa, nainyanyua muione hata mlioko nyuma.

Silinda haijafungwa imara. Imeshikwa na pini moja ubavuni, na huo ubavu umeegemea nguzo bapa iliyo nyuma yake. Fimbo ya pistoni imekwenda moja kwa moja kwenye pini ya krenki, ule mkono mfupi unaozungusha shafti, yaani mhimili, kwa hiyo krenki ikizunguka silinda inayumba kushoto na kulia. Ubavuni mwa silinda kuna tundu moja. Kwenye nguzo kuna mawili. Silinda ikiyumba huku, tundu lake linakutana na lile la kuingizia mvuke. Ikiyumba kule, linakutana na la kutolea. Hakuna valvu ya kufungua na kufunga mvuke, wala fito za kuiendesha. Kule kuyumba kwenyewe ndiyo valvu.

Mtu asije akasema ni injini ya watoto. Meli ya Great Eastern, iliyoelea mwaka 1858, ilizungushwa magurudumu yake ya kasia na silinda nne za kubembea, kila moja upana inchi 74 na mwendo futi 14. Na huko Dresden, Ujerumani, meli ya Diesbar ina injini ya aina hii iliyoundwa Greenwich na karakana ya John Penn mwaka 1841.

Vipimo vya hii niliyoishika: pistoni ina kipenyo cha milimita 10, mwendo ni milimita 20, kwa hiyo pini ya krenki iko milimita 10 kutoka katikati ya shafti. Kutoka shafti hadi pini inayobeba silinda ni 50. Tundu la silinda liko 15 juu ya pini hiyo. Chukueni kalamu. Silinda inapoyumba hadi mwisho inalala nyuzi kama 11 na nusu, na tundu lake linahama milimita 3 kutoka katikati. Basi matundu mawili ya nguzo nayo yakae milimita 3, moja kila upande wa mstari wa katikati.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwenye upana wa matundu. Tuseme umetoboa yote kwa drili ya milimita 3. Pistoni ikiwa juu kabisa, silinda imesimama wima, na kingo za tundu lake zinagusa matundu yote mawili ya nguzo kwa wakati mmoja. Ukipotea kidogo tu, mvuke unaingia mlango wa mbele na kutokea wa nyuma bila hata kumsalimia pistoni. Injini itahema mchana kutwa na haitazunguka. Mimi natumia drili ya 2.5. Hapo inabaki nusu milimita ya chuma kizima kila upande, na nusu milimita hiyo ndiyo inayotenganisha mvuke unaoingia na unaotoka.

Vifaa. Kuna kisingizio cha bei nakisikia kila mahali, nami sikikubali sana. Kipande cha shaba ya njano cha kutengenezea silinda mnakipata kwa wauza chuma chakavu. Mkipita Dar es Salaam, eneo la Gerezani mtakipata. Printa mbovu ikitupwa ofisini, muombeni mlinzi: ndani yake kuna fimbo laini ya chuma inayobeba kichwa cha kuchapia, imenyooka na kusuguliwa kwa usahihi ambao hamtaufikia kwa tupa maisha yenu yote. Hiyo ni shafti. Puli ya chuma ya mashine iliyokufa ni flaiwili, lile gurudumu zito linaloendeleza mzunguko. Springi ya kubana silinda kwenye nguzo inatoka kwenye kalamu ya kubofya, na kwa injini ya ukubwa huu inatosha. Mwenye mashine ya lethi, heri yake. Asiye nayo, drili ya mezani, vaisi, skwea na tupa tatu vitamfikisha. Itachukua muda zaidi, basi.

Mpangilio wa kazi ndio wenye siri. Toboeni kwanza tundu kubwa la silinda, lile anamopita pistoni, kabla ya kugusa pande za nje. Anza na drili ndogo ya milimita 3, panda polepole hadi 9.8, malizia na rima ya 10, kile kifaa cha kunyoosha na kulainisha tundu, pamoja na mafuta, taratibu, bila kuirudisha nyuma kinyume. Drili ya mezani itakupeleka pembeni kidogo, haikosi. Usihuzunike. Tundu likishakuwepo, hilo ndilo linakuwa mfalme na pande zote zinalifuata.

Naomba mje karibu kwa hili, mstari wa mbele mchuchumae. Hiki ni kioo cha dirisha, kipande tu. Juu yake nimelaza msasa wa maji namba 600 na mafuta mepesi. Silinda nimeipaka wino wa maka kwenye ubavu utakaogusa nguzo. Naisugua, mviringo kama namba nane, bila kukandamiza. Angalieni: wino umetoka katikati, kwenye pembe umebaki. Maana yake katikati pamevimba. Tupa ndiyo ilifanya hivyo, kwa sababu mkono wa mtu hupanda na kushuka wakati wa kusukuma. Naendelea mpaka wino uondoke wote kwa pamoja. Halafu nabadilisha msasa, namba 1000, naanza upya.

Lakini bapa peke yake haitoshi, lazima ubavu huo uwe sambamba na tundu. Naingiza ile fimbo ya printa ndani ya tundu la silinda, iwe ndefu, itokeze pande zote mbili. Nalaza silinda kwenye kioo. Napima kwa venia, kile kipimo cha sehemu ndogo za milimita, kutoka kwenye kioo hadi kwenye fimbo, upande huu, kisha upande ule. Namba zikitofautiana, najua ni upande gani wa kusugua zaidi. Ukifunga silinda ambayo ubavu wake hauendi sambamba na tundu, fimbo ya pistoni itakuwa inavutwa pembeni kila mzunguko, itakwama, na wewe utalaumu mafuta.

Matundu ya nguzo msiyapime kwa rula. Chukueni bati nene, litoboeni matundu mawili yaliyoachana kwa milimita 15 kamili, moja la pini na moja la drili ya 2.5. Fungeni bati hilo mahali pa silinda, liungeni na krenki kwa fimbo iliyonyooka, zungusheni mpaka lilale kabisa upande mmoja, libaneni, mtoboe kupitia humo. Kisha upande wa pili. Injini imejichorea matundu yake yenyewe.

Pistoni itengenezwe baada ya silinda, kwa sababu kupunguza kitu kwa nje ni rahisi kuliko kusahihisha tundu. Kuijua kama imekaa vizuri hakuhitaji chombo chochote: tia tone la mafuta, ziba tundu dogo la ubavuni mwa silinda kwa kidole, vuta pistoni, halafu iachie. Ikirudi yenyewe kwa nguvu, endelea. Ikibaki ilipo, hewa inapita.

Sasa tuiendeshe, na bado sijasema lolote juu ya moto. Tairi la spea la gari lina hewa ya kama baa 2 (baa ni kipimo cha presha). Fundi pancha yeyote atakujazia. Unganisha mpira wa hewa kutoka kwenye tairi, weka bomba dogo la kufungulia katikati, fungua kidogo. Kwa baa 2 pistoni ya milimita 10 inasukumwa na nguvu ya kama kilo moja na nusu, na injini isiyobeba mzigo haihitaji hata robo ya hiyo. Injini hii inasukumwa nusu ya mzunguko tu, nusu nyingine inabebwa na flaiwili, kwa hiyo mara nyingi lazima uipe msukumo wa kidole ianze. Mara ya kwanza itakwaruza na kupiga kelele. Iacheni izunguke, mkiongeza mafuta, mpaka ilainike. Hewa haiunguzi mtu na haileti kutu. Kila kosa la ufundi mtaliona kwa hewa, na mtalirekebisha mkiwa mmekaa kitako na chai pembeni.

Ndugu zangu, boila ni fani nyingine. Hapo natoa sauti ya ukali, walimu mnisamehe.

Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Yakifungiwa, nguvu hiyo yote inakaa inasubiri tundu la kutokea. Naona kwenye simu zenu video za watu wanaoziba kopo la bati au chupa ya alumini na kuweka moto chini. Mtu anayefanya hivyo anatengeneza bomu, na kwa sababu mara kumi halikulipuka anadhani ni boila. Richard Trevithick, mmoja wa waliothubutu kutumia mvuke wa presha kubwa mapema kabisa, boila ya injini yake ililipuka Greenwich mwaka 1803 na kuua watu. Hakuacha kazi. Tangu hapo akaweka valvu mbili za usalama badala ya moja, na kizibo cha madini ya risasi ambacho huyeyuka maji yakipungua kupita kiasi. Vitu hivyo viwili havikutoka kwenye kitabu cha nadharia.

Boila ya injini ndogo iwe ya shaba nyekundu, maungio yake yalehemiwe kwa lehemu ya fedha. Lehemu ya kawaida ya mafundi redio, ya bati na risasi, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Mvuke wa baa 2 una nyuzi kama 133. Mtasema bado kuna nafasi. Nafasi hiyo ipo maji yakiwepo. Maji yakiisha na moto ukiwa bado unawaka, inakwisha mara moja. Lehemu ya fedha inataka nyuzi zaidi ya 600. Ncha bapa za boila zinahitaji nguzo ya shaba ndani ya kuzishikilia zisivimbe. Valvu ya usalama ni lazima, na mtu asiifunge kwa waya kwa sababu "inasumbua".

Kabla ya moto, boila ijazwe maji baridi pomoni, bila hewa hata kidogo, isukumwe kwa pampu ya mkono mpaka mara mbili ya presha ya kazi. Kama mtaiendesha kwa baa 2, ipimwe kwa 4. Maji baridi hayabanwi, kwa hiyo boila ikishindwa inavuja tu na mnalowa mikono. Upimaji huo ufanywe na mtu mwingine, asiwe aliyeijenga. Aliyejenga ana huruma na kazi yake. Uingereza, ambako wapenzi wa kazi hii walianzisha chama London tangu 1898, vyama vyao hukagua boila ya mwanachama na kumpa cheti kabla hajawasha mbele ya watu. Sisi hapa chuoni tunaye mwalimu wa uchomeleaji na tunayo geji. Hakuna sababu ya mtu kupimia boila jikoni kwa mama yake.

Na anayedhani habari za boila zimepitwa na wakati aende pale Moshi kwenye kiwanda cha sukari, akaone makapi ya miwa yanavyochomwa kupata mvuke wa kuzalisha umeme. Olkaria, Kenya, mvuke unatoka ardhini wenyewe na unazungusha mitambo tangu 1981.

Siku mtakapounganisha mvuke kweli, ule ugonjwa wa silinda ndogo niliowaambia utawatembelea. Silinda yenu ni ya baridi, mvuke unaoingia unageuka maji papo hapo, injini inatema maji ya moto, inasita, inasimama. Msidhani imeharibika. Izungusheni kwa mkono, maji yatoke, silinda ipate moto, nayo itashika. Mkiifunika silinda kwa kamba ya pamba au kipande cha mti, itatumia mvuke mchache zaidi. Msiweke uso karibu na tundu la kutolea: lile wingu jeupe mnaloliona mbele ni mvuke uliokwisha poa, unaounguza hasa hauonekani kwa macho. Spiriti nayo, ikiwaka mchana juani, moto wake hauonekani. Msiongeze spiriti kwenye taa mliyodhani imezimika.

Mkimaliza, toeni maji yote na mpake mafuta kila mahali palipopitwa na mvuke, siku hiyohiyo. Kama kuna anayeona hilo ni jambo dogo, meli ya Liemba iliyoko Kigoma ilizinduliwa mwaka 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, na Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 Ziwa Tanganyika ili isitekwe. Mafundi wake walipaka injini grisi nzito kabla ya kuizamisha. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilikutwa bado zinafaa, na 1927 meli ikarudi kazini. Karibu miaka minane tangu izamishwe. Injini yenu itakaa kabatini tu.

Nimesema mengi, na mkuu wa chuo ameshaangalia saa mara mbili. Tairi liko pale chini ya meza, limejazwa asubuhi. Bwana mdogo uliyesema midoli, njoo wewe ufungue hewa. Polepole, nusu baa tu. Mwenzako atazungusha flaiwili kwa kidole. Na mkishaona inazunguka upande gani, tutatoa mpira kwenye tundu hili tuuweke kwenye lile la pili. Wakati huo kila mmoja aandike kwenye daftari lake itazunguka kuelekea wapi, na kwa nini.